Mpiga Kinanda wa Taa ya Mfuga Nyuki

Kijitabu tulichokichapisha siku ya kumuaga Mwalimu kilikuwa na kurasa nane. Mlikuwa na picha yake amevaa tai, nyimbo nne za kanisani, shukrani kwa madaktari, na historia yake: alikosomea, shule alizofundisha kwetu Pwani, na jinsi bintiye alivyomleta Texas akiwa tayari mtu mzima mwenye mvi. Habari za bendi yake ya ujana hazikuwamo, hata mstari mmoja. Bintiye alisema tuziache, watu watadhani mzee alichanganyikiwa mwishoni, na ushahidi wenyewe uko wapi? Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kompyuta nikichapa. Ushahidi niliusikia kwa masikio yangu haya mawili, lakini siku ya msiba si siku ya kubishana na mfiwa, nikanyamaza. Tangu hapo jambo hilo linanikera, na leo nalitoa.

Hakuna mtu pale Garland, kando ya Dallas, aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mwalimu kwa wakubwa na wadogo, kwa Wakenya, kwa Watanzania, na kwa wale Wakongo wa jengo la nyuma waliokuwa wakimwamkia kwa Kiswahili kisha wanaendelea kwa Kifaransa, naye anatikisa kichwa ati anaelewa. Aliishi mlango unaotazamana na wangu, ng'ambo ya maegesho ya magari, miaka kumi na minne. Mimi ni muuguzi huko Fort Worth, natoka asubuhi mapema narudi jioni, na kila niliporudi pazia la jikoni kwake lilisogea kidogo. Alikuwa anaangalia wenye shifti kama wamefika salama. Ukimwuliza anakwambia alikuwa anatazama mvua. Texas mwezi wa nane, mvua iko wapi? Hakukubali kamwe kwamba anatujali.

Jumamosi alikuwa na darasa la Kiswahili katika chumba cha pembeni cha kanisa. Watoto wetu tuliwapeleka kwa kuwavuta. Walikuwa wakichelewa, wakila vitafunio ndani, wakichezea simu chini ya meza, na yote hayo Mwalimu aliyavumilia. Kitu kimoja tu hakukivumilia. Akimwuliza mtoto swali kwa Kiswahili naye akajibu kwa Kiingereza, Mwalimu alinyamaza. Hakufoka. Alimtazama tu, na kimya kile kilikaa mpaka mtoto atafute neno hata la kuokoteza. Binti yangu Neema aliwahi kuulizwa amekula nini, akajibu "Cereal," na darasa zima lilingoja hadi akasema kwa machozi kwamba amekula nafaka za maziwa. Nafaka za maziwa, jamani. Nilipokwenda kumchukua alikuwa bado amenuna.

Mama mmoja alimwambia siku ile ile, mbele ya watu, "Mwalimu, hawa ni Wamarekani, una-expect nini kutoka kwao?" Mwalimu akachukua koti lake akaondoka, na hakurudi kwa wiki tatu. Ilibidi tumfuate na chapati na maneno laini. Aliporudi hakusema lolote, ila aliandika ubaoni: Jibu kwa lugha uliyoulizwa. Mimi nilidhani ni majivuno ya kiualimu tu, yale ya watu waliozoea chaki. Nilikuja kujua baadaye sana ni nini, na nilijuta kumcheka.

Habari ya koti: alilivaa kiangazi na kipupwe. La sufu, rangi ya majivu, viwiko vimechakaa. Joto la Dallas linayeyusha lami, yeye amevaa koti. Alisema baridi ya Uingereza ilimwingia mwilini na haijatoka.

Na alikuwa na mkono usiotulia. Akikaa mezani kwako, vidole vyake vinagonga, lakini si kama watu wanavyogonga. Wewe ukigonga meza utagonga nne nne, kila mtu anagonga nne nne. Yeye alikuwa anagonga saba. Mara nyingine kumi na moja. Kwaya yetu ilipokuwa haina mpiga kinanda alikuwa akitusaidia, na alikuwa fundi, hilo hakuna aliyelipinga, ila wimbo ukimkolea alikuwa anaongeza pigo moja ambalo halipo, na sisi wa sauti ya kwanza tunabaki midomo wazi. Alitwambia, "Hesabu kwanza, kulia baadaye." Yaani mwimbaji anayeanza na machozi hupoteza mapigo. Hilo lilikuwa neno lake la kila siku, hata kwa wafiwa alilisema, na wengine lilikuwa likiwaudhi.

Ile harusi ya Cedar Hill ndiyo iliyompa sifa mbaya. Wasindikizaji wa bibi harusi walikuwa wamefanya mazoezi ya kutembea wiki nzima, mguu wa kulia, wa kushoto, simama kidogo. Mpiga kinanda akaugua, tukamleta Mwalimu. Alianza vizuri, kwa upole kabisa. Kufika katikati ya ukumbi pigo lile la saba likaingia. Msururu mzima ukapotea, wa mbele anaanza na mguu wa kulia, wa nyuma anaanza na wa kushoto, na mpambe akakanyaga gauni la bibi harusi likapasuka mkunjo wa nyuma. Mama wa bibi harusi hakumwamkia mwaka mzima. Nikiwa namrudisha nyumbani nilikuwa nimekasirika, namsema, yeye ametazama dirishani. Mwishowe akasema kwa sauti ya mtoto, "Lakini ilikuwa nzuri."

Hakuendesha gari. Leseni alikuwa nayo, ila barabara kuu zilimtisha, na Texas mtu asiyeendesha ni kama aliyefungwa mguu. Kwa hiyo nilimpeleka mimi: kwa daktari wa macho, kliniki ya presha, dukani. Ndani ya gari langu ndimo nilimoipata habari ya bendi, kipande leo, kipande baada ya mwezi.

Alikwenda Uingereza kijana, kusomea ualimu, katika mji mmoja wa kaskazini ambako alisema jua huchomoza kwa kuomba ruhusa. Huko vijana wanne walikuwa na bendi, wakamsikia akipiga kinanda cha chuo, wakamchukua. Walifanyia mazoezi juu ya duka la mazulia, kwenye harufu ya sufu iliyolowa. Bendi ilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo yeye alilitafsiri Taa ya Mfuga Nyuki, na kila akilitaja alicheka kwa haya. Muziki wao ulikuwa ule wa roki ya zama hizo, nyimbo ndefu zinazopinda na kubadilika mwendo kila mkifika mahali, leo tungesema wanaringa. Walikuwa na wimbo mmoja mkubwa, habari za mzee ambaye nyuki wake wamekufa wote katika baridi moja, naye anakwenda na taa mzinga hadi mzinga akiwaita. Ulichukua dakika ishirini na tano. Siku moja walipiga katika ukumbi mdogo, wasikilizaji wakatoka kwenda kununua samaki na viazi vya kukaanga, wakarudi, wakakuta wimbo ule ule unaendelea. Mwalimu aliisimulia hiyo mara nyingi, na kila mara alipangusa macho kwa kucheka.

Kampuni moja ndogo ya santuri ikawapenda, ikawapeleka studio siku nne. Kabla santuri haijachapwa kampuni ikafilisika, na studio ikafuta tepu zake kubwa ikarekodia watu wengine. Kilichobaki ni kaseti tano, moja kwa kila mwanabendi, na walizivunja vile vijimeno vya juu ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Halafu maisha yakawatawanya. Mpiga gita alipoteza yake katika kuhamahama. Mpiga ngoma na mpiga besi walikufa, na jamaa zao hawakuziona za kwao. Wakabaki wawili: Mwalimu, na yule mwimbaji wao.

Mwimbaji alikuwa Houston. Mambo ya mafuta ndiyo yaliyomleta, alikuwa mhandisi wa mabomba mpaka akastaafu. Wazee wawili wa bendi moja ya mji wa kaskazini Uingereza wakajikuta wote Texas, saa nne za barabara kati yao, na kwa miaka hiyo yote walionana mara mbili tatu tu kwa sababu mmoja haendeshi na mwingine mapafu yake mabovu. Lakini walipigiana simu kila Jumapili baada ya ibada. Sasa huyu mzee wetu, anayekemea kijana kwa kusema "ovyo" mbele ya wakubwa, kwenye simu ile alikuwa anatukana kwa Kiingereza cha huko kaskazini matusi ambayo mimi nafanya kazi wodi ya dharura na sijayasikia. Nilikuwa nampelekea chakula nakuta wanabishana nani aliharibu mwingilio fulani wa wimbo nusu karne iliyopita. Akikata simu uso wake unakuwa wa kijana, kisha unarudi polepole.

Mwaka ule wa mafuriko, maji yalipoingia Houston, yaliingia hadi sebuleni kwa Mwimbaji. Alipoteza mazulia, picha za harusi, na kaseti yake. Siku zile kulikuwa na kijana mmoja wa Uingereza aliyekuwa akiandika historia ya bendi ndogo zilizosahaulika, naye alikuwa amewapata kwa barua pepe, anataka kuitoa ile kazi watu waisikie. Mwimbaji akapiga simu. Mwalimu alikuwa jikoni kwangu akimenya viazi, simu iko mezani na sauti imefunguliwa, kwa hiyo nilisikia. Alisema yake imekwenda na maji, lakini ashukuriwe Mungu, bado ya kwako ipo. Kisu cha Mwalimu kikasimama.

"Ipo," akasema. "Iko salama."

Nikamwona anarudi kumenya kiazi kile kile kilichokwisha menywa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Akaanza kukwepa. Jumapili simu ikilia alikuwa na kikohozi, au alikuwa anakuja kwangu bila sababu. Kijana wa Uingereza aliandika mara nne, kwa adabu sana, akiomba ile kaseti itumwe au inakiliwe, na Mwalimu hakumjibu. Yeye, wa jibu kwa lugha uliyoulizwa, hakujibu kwa lugha yoyote. Mwishowe yule kijana akachapisha historia yake na akaandika kwamba hakuna sauti ya bendi hiyo iliyobaki. Binti yangu Neema alituonyesha kwenye simu. Mwalimu aliisoma kwa miwani iliyosogezwa mbele ya pua, akasema mtoto yule anaandika vizuri, akaenda zake. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia pia, maana mtu aliyekuwa tayari kugomba na wazazi ishirini juu ya neno moja, hapa alikuwa anajificha.

Kisha akapiga simu mke wa Mwimbaji. Alisema madaktari wamemrudisha mumewe nyumbani, hakuna la zaidi, na kitu pekee anachokiulizia ni kaseti. Mwalimu alivuka maegesho akiwa na kandambili, jambo ambalo hakuna mtu Garland aliyewahi kuliona, akagonga mlango wangu akasema, "Binti, nipeleke Houston." Nikabadilishana shifti na mwenzangu. Jumamosi hiyo hakukuwa na darasa.

Tulitoka asubuhi. Tukafika mji wa Corsicana, mwendo wa saa moja. Hapo akatoa mfukoni kaseti, imefungwa kwenye leso, akaiweka juu ya goti. Nikasema, "Kumbe unayo." Akasema anayo, ila wimbo haumo, ni kosa la mama yake, na la kwake ni kubwa zaidi. Kisha akanieleza yote huku ametazama barabara.

Aliipata ile kaseti akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na furaha yake ya kwanza ilikuwa kumtumia mama yake aisikie. Mama yake hakuwa anajua kusoma. Watu wa kwetu wa umri ule walikuwa wakitumiana barua za kaseti, mtu anakaa mbele ya redio anatoa salamu mpaka utepe uishe, na wewe ukipokea unarekodi majibu juu yake unarudisha, kaseti hiyo hiyo inakwenda na kurudi miaka. Mama akaipokea kama barua. Ikarudi Uingereza baada ya miezi miwili. Mwalimu akaitia kwenye mashine akitarajia wimbo, akasikia sauti ya mama yake inamsalimu. Akatazama juu ya kaseti: mahali pa vijimeno vilivyovunjwa palikuwa pamezibwa kwa karatasi na gundi ya ngano. Akapeleka mbele, bado ni mama. Akaitoa. Hakuisikiliza tena, siku ile wala baadaye.

"Nilimwandikia barua," akasema. "Nilimwambia ameua kazi yangu. Nikaiandika kwa Kiingereza."

Sikuelewa mara moja. Akanifafanulia: mama hajui Kiingereza, ilibidi aipeleke barua kwa karani wa posta, naye akamtafsiria pale kaunta mbele ya watu waliopanga foleni. Alijua itakuwa hivyo, ndiyo maana aliiandika kwa Kiingereza. Mama hakujibu. Mwaka haukwisha, ikaja simu ya maandishi kwamba amezikwa.

Nilishika usukani nikatazama magari. Nilimkumbuka Neema na nafaka zake za maziwa. Nilitaka kumwambia neno la faraja, na kila nililolifikiri lilikuwa la uongo, kwa hiyo nikamwuliza kama anataka maji. Akanywa. Alisema kwa miaka mingi hakuona sababu ya kumwambia Mwimbaji, kwa kuwa wenzake walikuwa na za kwao, na siku maji yalipoichukua ya mwisho, ulimi ukamtoka na uongo kabla hajafikiri.

Nyumba ya Mwimbaji ilikuwa na alama ya maji ukutani bado, mstari wa kahawia chini ya rangi mpya. Alikuwa sebuleni kitandani, mwembamba, mpira wa oksijeni puani. Na mezani kando yake, jamani, palikuwa na mashine ya kaseti. Aliinunua kuukuu, mkewe ameipangusa, wameitandikia kitambaa cheupe.

Mwalimu hakukaa. Alisimama na koti lake, akasema yote kwa mara moja, kama mtu anayesoma tangazo: haipo, haijawahi kuwapo tangu ule mwaka, mama yangu alirekodi juu yake bila kujua, na mimi nikakudanganya. Mwimbaji akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso kwenye dirisha.

"Nilitaka kujisikia mara moja," akasema. "Sikumbuki tena nilikuwa na sauti gani."

Mwalimu akaketi. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyeshushwa mzigo akagundua mgongo wenyewe ndio uliovunjika. Mkewe Mwimbaji akatuletea chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nami nikawaza tuondoke, tumwache mgonjwa apumzike, ndipo Mwimbaji akauliza, bado ametazama nje, kilichomo ndani ni nini basi. Mwalimu akasema ni salamu za mama. Mwimbaji akamwuliza, mama alisema nini. Mwalimu akasema hajui.

Mwimbaji akageuka akamtazama sana. Kisha akanyoosha mkono, akiomba kaseti.

Mimi ndiye niliyeitia. Kwanza ikakoroma, halafu ikaja sauti ya mwanamke, karibu kabisa, kama yuko chumbani. "Mwanangu, hujambo?" Ikanyamaza. Nilidhani imekwisha. Ikaendelea: "Haya, tumshukuru Mungu. Na huko baridi imepungua?" Ikanyamaza tena. "Na unakula?" Kimya. Mwalimu alikuwa ametazama sakafu. Mwimbaji akaniuliza mbona ananyamaza kila mara, kuna nini. Nikamweleza kwamba wazee wetu wakituma kaseti walikuwa wanauliza kisha wanakupa nafasi, wanasubiri ujibu.

Nikamtafsiria yote yaliyofuata, sentensi kwa sentensi. Habari za mbuzi, za jirani aliyejifungua mapacha, za paa jipya la kanisa. Kisha mama akafika penyewe. Alisema kaseti ameisikiliza, ameita majirani, wameirudia mara tatu mpaka betri zikaisha. Ametafuta kaseti tupu ya kumjibu, hakupata, na fundi redio akamwambia azibe vile vitundu kwa karatasi azungumze juu yake, kwani mwenye wimbo hakosi kuwa nao mwenyewe, hii ni nakala tu. Akasema, "Na yule mwenzako anayeimba, huyo kijana ana jambo. Sijui anasema nini, lakini ana jambo. Kama hana mama karibu, mwambie huku kwetu nafasi ipo."

Hilo nililitafsiri kwa shida. Mwimbaji akataka nilirudie. Nikalirudia. Akauliza huyo mama aliitwa nani, Mwalimu akamtajia jina, Mwimbaji akalitamka vibaya, akasahihishwa, akalitamka tena.

Sauti ikasema: "Pale mwisho unapopiga kinanda peke yako, sikupagusa. Hapo nilikujua ni wewe. Nimepaacha, ukipokea ujue nilikusikia. Nijibu upesi." Ikalia tak, ya kidole kikibonyeza. Na kinanda kikaanza.

Kilikuwapo. Miaka hamsini kilikuwa mle ndani, baada ya salamu, na mwenyewe hakuwahi kufika. Kilipigwa kwa saba saba, polepole, kama mtu anayepita mizinga mmoja mmoja, na nilielewa kwa nini alisema ile ya Cedar Hill ilikuwa nzuri. Dakika nne, labda tano. Mwimbaji wala wenzake hawamo, ni Mwalimu peke yake akiwa kijana. Vidole vyake vya uzee vilikuwa juu ya magoti, vimetulia kabisa. Nililia, sioni haya kusema, na mke wa Mwimbaji ambaye hakuelewa neno hata moja alilia pia. Nilikuwa na simu mfukoni. Ningeweza kurekodi kila kitu, Neema angeweza kumtumia yule kijana jioni hiyo hiyo, na wazo hilo halikunijia, sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Ilipokwisha Mwimbaji akafumba macho. Nikafikiri amelala. Nikaanza kukusanya mkoba.

"Rudisha mwanzo," akaniambia. Kisha akamwambia Mwalimu, "Mama yako anasubiri."

Nikairudisha. Ilichukua muda, utepe unalia ndani ya mashine. Nikabonyeza. "Mwanangu, hujambo?"

Na Mwalimu akasema, "Sijambo, mama. Shikamoo."

"Haya, tumshukuru Mungu. Na huko baridi imepungua?"

"Imepungua. Nina koti."

"Na unakula?"

Akaanza kumweleza. Jibu lilizidi nafasi aliyoachiwa, mama akaendelea na ya mbuzi, naye akaendelea na yake, wakazungumza pamoja kama watu wanavyozungumza wakionana baada ya muda mrefu. Sauti ya mama ikaanza kuzama, kuwa nzito, ya kiume. Niliona utepe unatoka chini ya kifuniko, umekunjamana, unasagika. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Mwimbaji naye aliuona, akanitazama, akatikisa kichwa kunikataza, na mimi sikubonyeza, kwa sababu Mwalimu alikuwa bado anamwambia mama yake alichokula.